Sikio la Kaisari

Serikali Tukufu ya Roma iliwatangazia wakazi wote wa Kefar-Luzi kwamba kuanzia siku hiyo walikuwa na furaha. Furaha yenyewe ilichongwa kwa marumaru, ilikuwa na kimo cha watu wawili, na ilisimamishwa katikati ya soko, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea mabanda ya vitunguu. Ilikuwa sanamu ya Kaisari. Tangazo lilisomwa kwanza kwa Kigiriki, ambacho hakuna muuza dengu aliyekuwa na haja nacho, kisha likasomwa kwa Kiaramu na Dostai, mkalimani wa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa amepanda juu ya pipa la samaki wa chumvi ili serikali ionekane vizuri.

"Kila mkazi anatakiwa kuiheshimu furaha hii kwa hiari yake mwenyewe," alisoma Dostai, "na atakayepungukiwa na hiari atasaidiwa."

Alisoma vizuri. Dostai alikuwa Myahudi, mzaliwa wa mji ule ule, mtaa wa wafinyanzi, lakini Mungu alimjalia sauti ambayo Mkuu wa Wilaya mwenyewe aliwahi kuisifu kuwa ni ya kiofisi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna ugomvi duniani usiomalizwa na utaratibu mzuri. Watu walimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha wakakunja mikeka, wakafunga magunia, wakabeba vikapu vyao, wakaondoka. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyerusha jiwe. Jua lilipofika utosini, soko zima lilikuwa na sanamu moja, pipa moja, na Dostai juu yake.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Shappira, mama yake mzazi, aliyeuza zeituni katika banda la kwanza ukiingia sokoni, mkono wa kulia.

"Teremka, mheshimiwa," alimwambia mwanawe. "Pipa ni la Yona, analihitaji."

"Mama, hakuna aliyewafukuza. Tangazo linasema muiheshimu tu."

"Sisi na sanamu wapi na wapi, Dostai? Mungu wa watu amewekwa sokoni, mimi nikae kwenye kivuli chake niuze zeituni? Hata baba yako huko aliko angegeuka upande wa pili."

"Ni suala la mtazamo, Mama."

"Basi mtazame wewe. Na ukimaliza kumtazama, njoo ule."

Mkuu wa Wilaya, Vettio Falto, alipoletewa habari hizi aliziandikia ripoti kwenda Antiokia, akaeleza kwamba sanamu imepokewa kwa ukimya wa heshima na kwamba msongamano sokoni umepungua kwa kiwango cha kuridhisha. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye upara na matumaini. Kwa muda mrefu alikuwa akingoja kuhamishiwa mahali penye bahari, na kila mwaka Kaisari alimjibu kwa kumwongezea kijiji kingine cha milimani. Siku ya tatu mpishi wake alirudi na kikapu kitupu. Siku ya nne Mkuu wa Wilaya alikula mkate mkavu na kipande cha jibini kilichokuwa na umri wa kustaafu.

Ilibainika kwamba soko halikufa, lilihama tu. Watu walikuwa wakiuziana kwenye uga wa kupuria ngano, nje ya mji. Ofisi ikapiga marufuku biashara kwenye uga. Wakaanza kuuziana kutoka paa hadi paa, dengu zikipita juu ya vichochoro ndani ya vikapu vilivyofungwa kamba. Ofisi ikatoa waraka unaokataza vikapu kuning'inia bila kibali, na askari wakapewa kazi ya kutembea wakitazama juu. Wawili waliangukia kwenye kisima cha mtaa wa wafinyanzi, wakaopolewa na Wayahudi, wakapewa supu ya moto, wakatozwa bei ya supu.

Hapo ndipo barua ya Antiokia ilipofika. Mkaguzi Numerio Kalvo angekuja Alhamisi, siku kuu ya soko, kujionea kwa macho yake lile soko ambalo, kwa mujibu wa ripoti ya pili ya Falto, lilikuwa limestawi maradufu tangu Kaisari alipoanza kulitazama.

Falto hakubabaika. Aliunda Kamati Maalumu ya Kulijaza Soko, akawaamuru askari wavue dirii, wavae kanzu, na waanze kuuziana. Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri kwa muda. Askari wawili kutoka Thrakia waliuziana kitunguu kimoja asubuhi nzima, na ilipofika adhuhuri wakatoana damu kwa sababu bei ilikuwa imepanda. Kamati ikavunjwa. Falto akamwita Dostai ofisini, akamtaka aandae tangazo jingine.

"Andika," alisema. "Alhamisi, soko likiwa tupu, mwenye banda la kwanza atatundikwa msalabani mbele ya banda lake. Siku ya pili, mwenye banda la pili. Na kuendelea, mpaka biashara ichangamke. Banda la kwanza ni la nani?"

Kalamu ya Dostai ilisimama.

"La mwanamke mmoja, mheshimiwa. Anauza zeituni."

"Ana watu wanaomtegemea?"

"Ana mtoto mmoja."

"Mtoto huyo ana kazi?"

"Anayo, mheshimiwa. Kazi ya serikali."

"Vizuri," alisema Falto. "Basi hatakufa njaa."

Dostai alilisoma tangazo lile mbele ya soko tupu, kama utaratibu ulivyotaka, halafu akakimbia nyumbani, jambo ambalo utaratibu haukulitaja. Alimkuta mama yake anaondoa vikonyo kwenye zeituni. Mji ulikuwa umekwisha kusikia. Shappira alikuwa akijaribu kuchuma kikonyo kile kile mara ya tatu.

"Mama, nakuomba. Kaa bandani siku moja tu. Mkaguzi akipita, uondoke."

"Siku moja tu. Ndivyo askari walivyomwambia bibi yako walipomlazimisha ile nyama ya nguruwe. Tonge moja tu."

"Watakuua."

"Nimesikia, mwanangu, una sauti kubwa." Alisukuma zeituni kando. "Naogopa, Dostai. Usidhani mama yako ni jiwe. Nikifikiria msalaba tumbo linaniuma kama siku niliyokuzaa. Na soko lenyewe ni langu, nalitaka kuliko huyo Falto wako. Lakini siwezi kukaa pale. Si kwamba nakataa. Siwezi."

Dostai alilia, na hakujali nani anamwona. Mama yake alimfuta uso kwa ncha ya shuka lake, mkono ukinuka maji ya chumvi.

"Nenda kwa Mwalimu Zabdi," alimwambia. "Wewe unajua kuuliza serikali tu. Mara moja moja uliza na watu wako."

Zabdi alikuwa mwalimu wa Torati, mzee mwenye pumu, na pumu ilimfundisha kujibu alichoulizwa bila kuongeza neno. Dostai alimuuliza kama kuna njia yoyote ambayo mtu angeweza kuuza zeituni pale sokoni bila kuvunja sheria.

"Ipo," alisema Zabdi. "Sanamu ivuliwe uungu."

"Inavuliwaje?"

"Mwenye kuiabudu aidharau kwa mkono wake. Akiivunja ncha ya sikio, au ya pua, au ya kidole, imekwisha. Inakuwa kama nguzo ya banda. Utauza chini yake, utafunga punda."

"Na akiitemea mate?"

"Haitoshi. Mtu hutema mate kwa hasira, kesho akarudi kuomba radhi."

"Basi Mwalimu, si umwambie fundi wetu yeyote aende na nyundo?"

"Myahudi hata akiisaga ikawa unga, haifai kitu. Si mungu wake, atamvuaje? Itabaki mungu wa watu, tena aliyesagwa. Sharti avunje anayeiamini. Na pawe na mashahidi wawili wa kwetu walioona, la sivyo nani atajua?"

Dostai aliondoka pale mwepesi. Tatizo lilikuwa limepatiwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa fani yake. Asubuhi alifika mbele ya Mkuu wa Wilaya na kulieleza jambo zima kama pendekezo la kitaalamu lililotokana na mashauriano na wadau. Falto kwanza alimtupia kikombe. Kisha akatazama jibini yake, akaikumbuka barua ya Antiokia, akaketi.

"Sikio lipi?" aliuliza.

"Lolote, mheshimiwa. Torati imemwachia mtekelezaji."

Akaitwa akida wa kikosi. Akida akasema kwamba kwa sheria ya Roma anayeidhuru sanamu ya Kaisari hukatwa kichwa, na kwamba kwa bahati mbaya kikosi kizima kilikuwa kimeamka na homa. Yeye mwenyewe aliisikia inaanza. Falto akamfukuza, akafunga mlango.

"Nani hapa anamwabudu Kaisari kwa dhati?" alimuuliza Dostai.

"Katika ripoti zote, mheshimiwa, ni wewe."

Ilikuwa kweli, imeandikwa na kutiwa muhuri. Falto alitembea huku na huku.

"Na hao mashahidi ni wa nini? Si nitatoa tangazo tu?"

"Watu hawataliamini, mheshimiwa."

"Kwa nini wasiliamini tangazo la serikali?"

Dostai alikohoa.

Siku ya Jumatano ikafanyika Sherehe ya Kuusafisha Uso Mtukufu. Mapazia yalizungushwa kuizunguka sanamu, ngazi ikaegemezwa, na Mkuu wa Wilaya akapanda akiwa na ndoo, sifongo, na chini ya joho lake nyundo na patasi. Ndani ya mapazia walikuwamo Dostai, Mwalimu Zabdi, na Yona muuza samaki, aliyechaguliwa kuwa shahidi wa pili kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri na mdomo wake mkubwa. Falto aliweka patasi kwenye sikio la kushoto, akafumba macho.

"Unisamehe, Kaisari," alinong'ona, akapiga. Chembe ya marumaru ikaruka.

"Haihesabiki," alisema Zabdi kutoka chini.

"Nini hakihesabiki?"

"Umeomba radhi. Sharti iwe kwa dharau."

Falto alishika ngazi kwa mkono mmoja. Jasho lilimtiririka kwenye upara. Akamtazama Kaisari usoni, kwa karibu kuliko alivyowahi kumtazama, akaanza kukumbuka. Alikumbuka barua zake zote za kuomba uhamisho. Alikumbuka milima, mbuzi, na jibini. Safari hii hakufumba macho. Alipiga, ncha ya sikio ikadondoka kwenye ndoo, akapiga tena ingawa hapakuwa na haja, na aliposhuka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuoga.

"Imehesabika?" aliuliza.

"Imehesabika sana," alisema Yona.

Palipovunjika pakazibwa kwa nta nyeupe, kazi nzuri ya fundi wa ofisi, aliyeambiwa sikio limetafunwa na panya. Mapazia yakaondolewa. Na Yona akapita mitaani, bila tangazo, bila pipa.

Alhamisi soko lilifurika. Watu walikuwa wamekosana na soko lao siku nyingi, wakalirudia wote kwa pamoja, na palikuwa na kelele za kumwamsha maiti. Wanawake waligombania vitunguu saumu. Mtu mmoja alifunga punda wake kwenye kifundo cha mguu wa Kaisari, akaenda zake kutafuta kunde. Shappira alikuwa bandani tangu alfajiri, akionjesha watu zeituni na kuwasuta waliokuwa wakionja bila kununua.

"Hiyo ya nne, ndugu yangu. Ukifika ya tano utaniposa."

Mkaguzi Kalvo aliingia katikati ya asubuhi. Alikuwa mzee mkavu, mgonjwa wa tumbo, aliyezeeka katika majimbo haya na kufikishwa nayo nusu ya kaburi. Alipita polepole, Falto akimweleza ustawi, Dostai akiwafuata nyuma. Kalvo alisimama kwenye banda la kwanza, akala zeituni moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sijawahi kuona Wayahudi wametulia hivi chini ya sanamu," alisema. "Kule Kaisarea walifanya ghasia. Umewafanyaje, Falto?"

"Mashirikiano," alisema Falto. "Na uongozi bora."

Jua lilikuwa kali. Kalvo aliinua macho kumtazama Kaisari, akaona kitu cheupe kinamtiririka shingoni. Nta ilikuwa imeshuka kutoka sikioni, ikapita kwenye taya, ikaning'inia. Mkaguzi alitazama kwa muda mrefu. Watu wa karibu nao wakatazama, kisha na wa mbali, mpaka soko likanyamaza na kelele pekee ikawa ya yule punda.

"Sikio la Kaisari liko wapi?" aliuliza Kalvo.

Falto alikuwa na weupe wa sanamu yenyewe, lakini hakupoteza muda. Mtu hafiki cheo kile bila kujua kunyoosha kidole.

"Wayahudi," alisema. "Nani mwingine? Na banda la kwanza ni la huyu bibi hapa. Mkamateni. Mkalimani, mwambie mshtakiwa kosa lake."

Askari wawili walimshika Shappira mikono. Kikapu kikapinduka, zeituni zikatawanyika chini. Shappira alimtazama mwanawe tu, na Dostai akaona midomo yake inacheza kama ya mtu anayesali.

Dostai alifungua kinywa kutafsiri. Maneno ya kiofisi yalikuwapo yote, yamejipanga tayari. Aliyaacha. Alijua kwamba neno lolote jingine lingeweza kumtundika kando ya mama yake, akaogopa mno, na akasema akiwa na woga huo huo.

"Mheshimiwa Mkaguzi," alisema kwa Kigiriki, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa mtaa wa wafinyanzi. "Huyu ni mama yangu. Hakuvunja. Wala Myahudi yeyote hakuvunja, na ushahidi ni hizi zeituni unazozikanyaga."

"Zeituni zinashuhudia nini?"

"Soko hili lilikuwa tupu tangu sanamu iliposimamishwa. Kwa sheria yetu hatufanyi biashara mbele ya mungu wa watu. Myahudi angeivunja, ingebaki mungu, na leo usingekuta hapa hata punje ya dengu. Tunarudi tu ikiwa imedharauliwa na mtu anayeiabudu. Angalia soko lilivyojaa, mheshimiwa. Aliyevunja ni Mrumi, na ni mcha Kaisari."

"Ni uongo," alisema Falto. "Soko lilijaa siku zote, niliripoti."

Kalvo aliwatazama askari waliomshika Shappira. Mmoja alikuwa na uvimbe usoni, wa ugomvi wa kitunguu kile. Askari huyo akainamisha kichwa. Mkaguzi aliishi na Wayahudi miaka mingi, akabishana nao sana na kushindwa mara nyingi, akajifunza angalau jinsi wanavyofikiri.

"Sheria yenu," alimuuliza Dostai, "haikosi mashahidi. Wako wapi?"

Zabdi alisogea mbele, akivuta pumzi kwa shida, Yona akimshika kiwiko.

"Mlimwona aliyevunja?" aliuliza Kalvo, Dostai akitafsiri.

"Unatuuliza?" alisema Zabdi.

"Nawauliza."

"Basi tulimwona. Ni huyu Mkuu wa Wilaya."

"Mara mbili," alisema Yona. "Ya kwanza haikuhesabika, alikuwa na adabu."

Kalvo alitikisa kidole kidogo tu. Askari walimwachia Shappira, wakasogea wakasimama kulia na kushoto kwa Falto, na akida, aliyekuwa amepona homa, akaja na kamba. Shappira alipiga magoti kuokota zeituni zake. Hakufaulu, mikono ilikataa, akabaki amekaa pale pale chini, Dostai akaketi kando yake vumbini na joho lake la ofisi, akamshika.

"Kalvo, ndugu yangu," alisema Falto, na sauti ilianza kupanda. "Tuzungumze kama watu wazima. Nilitaka amani. Nilitaka kula. Ni kipande kidogo, hata hakionekani. Kaisari yuko Roma, na masikio yake yote mawili. Hiki unachokiona hapa hakijui kitu. Wanakichonga huko Tiro kwa mafungu, wanabadilisha vichwa. Wewe unajua. Sote tunajua."

Kalvo alimwashiria akida. Kamba ikazungushwa kwenye mikono. Falto aligeuka akalitazama soko, uso kwa uso, akatafuta mtu yeyote wa kumwelewa, na akapaza sauti kwa Kiaramu chake kibovu, ambacho katika miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kukitumia kusema jambo la maana.

"Ni jiwe!" alipiga kelele. "Enyi watu, semeni! Ni jiwe tu!"

Soko zima, wauza dengu na wauza vitunguu, wanawake na wazee, Zabdi na pumu yake, Shappira pale chini, walijibu kwa pamoja na kwa utulivu, kama wanavyojibu sala ikiisha.

"Amina."

Mkaguzi Kalvo, ambaye Kiaramu hakikumwingia vizuri, alimwinamia Dostai.

"Mkalimani, wanasemaje?"

Dostai alijipangusa vumbi, akasimama, na sauti yake ya kiofisi ikamrudia yote.

"Wanaafikiana na serikali, mheshimiwa."